Taa Inawaka, Mtandao Hakuna

Chumba cha kompyuta, hospitali
Jumanne, tarehe 3 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole na jicho. Mama ameniandikia kwamba bandeji imetoka, na kwamba daktari amekupiga marufuku kutazama kioo chochote chenye mwanga kwa siku arobaini. Simu hapana, televisheni hapana, kompyuta ndiyo usiitaje kabisa. Karatasi kando ya dirisha ruksa, ila herufi ziwe kubwa. Ndiyo maana naandika hivi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kukupigia nako ni kazi bure. Masikio yako tunayajua, nitapiga kelele mpaka wodi nzima iamke na wewe bado unasema haloo, haloo.

Barua nampa dereva wa gari la dawa, yule tunayemwita Konokono. Anatoka hapa kila Jumanne, analala huko kwenu, anarudi Ijumaa. Kwa mwendo wake, ukisikia honi bado una muda wa kuoga.

Mjomba, ile kompyuta ya maabara uliyoiunda kwa mikono yako, ukaniachia niilee siku uliyostaafu, imegoma. Inawaka, feni inazunguka, lakini mtandao hauamki. Ulizoea mwenyewe: maabara wakiandika jibu la damu, muuguzi wa wodi ya wazazi analisoma kabla hajavuta kiti. Sasa watu wanakimbizana na vikaratasi kwenye korido. Jana jibu la mama mmoja lilipelekwa kwa mama mwingine. Wakashtuka mapema, Mungu saidia.

Ulinifundisha kunakili mistari neno kwa neno, basi pokea. Juu kabisa inataja namba ya kiini, 4.9. Inateremka na mistari yake mingi, halafu inasimama dakika moja na nusu nzima, kimya. Kisha inaandika kwa rangi nyekundu: nimeita kadi ya mtandao, eth0; nimesubiri; eth0 haina waya; nimeshindwa kuamsha mtandao.

Lakini waya upo! Nimeuchomoa nikauchomeka mpaka vidole vinauma. Na ile taa ndogo ya kijani nyuma ya kadi inawaka, inanikodolea macho. Mimi sijagusa kitu. Jumapili mchana niliizima nifute vumbi, kuiwasha ndiyo hivyo.

Sasa lililonifanya nikusumbue mgonjwa. Mganga mkuu amekata kauli: isipoanza kuamka na mtandao wake yenyewe kabla ya tarehe 31, inatupwa nje na unaletwa mtambo mwingine. Na kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wauguzi na watu wa maabara wote, akasema fundi aliyeiunda alilipua kazi. Nilikuwa nimekaa nyuma. 

Unaonaje mjomba?

Mpwa wako,
Kiherehere


Kwa dada yangu, kitandani
Alhamisi, tarehe 5 Machi

Marahaba, Kiherehere.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa habari, ya pili kwa makosa yako ya herufi, ya tatu kwa raha. Usinielewe vibaya, wagonjwa wenu nawahurumia. Lakini nimelala hapa siku kumi na mbili natazama dari, na dari ya mama yako nimeshaimaliza, ina nyufa saba na alama moja ya maji. Umeniletea kitu cha kutafuna.

Haya, tutafune. Ile taa ya kijani haiwashwi na mfumo, inawashwa na umeme unaokuja kupitia waya wenyewe. Ikiwaka maana yake waya mzima, na kile kisanduku cha ukutani kinachogawa mtandao nacho kizima. Halafu hapo hapo kompyuta inasema eth0 haina waya. Una mashahidi wawili mbele yako, mmoja anasema mgeni kaingia, mwingine anasema sijaona mtu, na wote wawili siwajui kwa uongo. Hapo ndipo paliponiwasha. Mama yako ameniletea chai ikapoa.

Kitu cha kwanza nilitazama namba ya kiini. Nakukumbusha, maana siku niliyokufundisha ulikuwa unasinzia: kiini ndicho kipande cha katikati cha mfumo endeshi, ndicho kinachoongea na vyuma. Programu nyingine zote zikitaka chuma zinapitia kwake. Ukikibadilisha, kinaweza kuvitazama vyuma vile vile kwa jicho jingine na asubuhi yake mtandao ukakataa kuamka. Ndiyo sababu nilibandika karatasi juu ya boksi kwamba mtu asipandishe kiini, yaani asiweke toleo jipya, bila kuniandikia. Namba ingekuwa nyingine, ningekuwa na neno moja tu la kukuambia na tungemaliza leo. Lakini umeandika 4.9, ile ile niliyoiacha. Mlango huo tumeufunga.

Basi fanya hivi. Badilisha waya, chukua ule wa mashine ya kuchapia ambao tunajua ni mzima. Uhamishe kwenye tundu jingine la kisanduku. Kisha zima, chomoa kadi, yasugue meno yake kwa ufutio wa penseli taratibu, uirudishe mpaka isikike kuingia. Mwisho fungua faili la kuamsha mtandao uninakilie linaita kadi gani. Ukimaliza kila hatua washa upya, usifanye zote kwa mkupuo kwa kile kiherehere chako halafu usijue ipi ilisaidia.

Hilo la mganga mkuu limeniuma, sikufichi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Nimeitwa mbishi, nimeitwa mchafu wa meza, lakini kulipua kazi hakuna aliyewahi kunitamkia. Kompyuta hiyo tukiiamsha, nataka ayameze maneno yake mbele ya watu wale wale.

Niandikie yote utakayoyaona, hata yale unayodhani hayana maana.

Mjomba wako


Chumba cha kompyuta
Jumanne, tarehe 10 Machi

Shikamoo mjomba,

Nimefanya yote, moja baada ya jingine, na kila mara nimewasha upya nikahesabu. Waya wa mashine ya kuchapia: dakika moja na nusu, nyekundu. Tundu jingine: hivyo hivyo. Kadi nimeisugua meno mpaka yanametameta, nikairudisha, ikalia tak! kama ulivyosema, nikafurahi nusu nipige vigelegele. Nyekundu.

Faili la kuamsha mtandao linaita eth0. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na maelezo pembeni, na hata tarehe umeweka. Limekaa safi, hakuna nukta iliyokosewa.

Watu wa kuuza mitambo mipya wameshakuja. Walipima chumba kwa kamba, wakaniuliza boksi hili linatoka lini. Nikawaambia muulizeni mganga mkuu. Mmoja akacheka aliposoma ile karatasi yako ya juu ya boksi, nikamtazama mpaka akaacha.

Mjomba, hilo neno moja ambalo ungeniambia kama namba ya kiini ingekuwa nyingine, lilikuwa neno gani? Nauliza kwa kujifunza tu.

Zimebaki wiki tatu. Tafadhali usichoke.

Mpwa wako,
Kiherehere


Kwa dada yangu
Alhamisi, tarehe 12 Machi

Marahaba mpwa wangu.

Umeuliza neno gani. Liache, ni habari ya kiini kingine, haituhusu, na mimi sitaki kukujaza kichwa na mambo yasiyotuhusu wakati haya yanayotuhusu yamenishinda.

Ndiyo, yamenishinda. Nimeichora kompyuta yote nyuma ya kalenda, kila kadi, kila waya. Nimeipitia kama mtu anayetafuta funguo mfukoni kwa mara ya kumi. Kwa namba hiyo ya kiini, kwa kadi hiyo, kwa faili hilo, lazima iamke. Haiamki. Kwa hiyo kipo kitu nilikifanya mimi siku moja, nikakiandika mahali, na sikikumbuki. Maelezo mengine hakuna. Jana nilitaka kumtajia mama yako mtaa niliokaa miaka kumi, jina likanipotea, nikakaa mdomo wazi.

Sikiliza. Usigombane na mganga mkuu kwa ajili yangu. Wewe bado unayo kazi ya kuitunza. Mwambie fundi wa zamani mwenyewe amekubali, alizeeka kabla hajastaafu na hakujijua. Waachie walete mtambo wao.

Asante kwa kunisumbua. Nilifurahia.

Mjomba wako


Nyumbani
Alhamisi hiyo hiyo

Mwanangu,

Hii nampa Konokono mkononi, mjomba wako hajui. Amelala, au anajifanya amelala.

Sikia nikueleze. Barua yako ya kwanza ilipofika huyu mtu alikuwa kijana. Aliomba penseli, aliomba rula, akanifukuza chumbani kwangu mwenyewe. Nikasema hewaa, bora apone na kelele zake. Tangu ya pili ifike hali si hali. Chakula anakigeuza geuza kwenye sahani. Ameniuliza baba yetu alianza kusahau akiwa na umri gani. Nikamwambia baba hakusahau kitu mpaka anakata kauli, alikuwa anakumbuka hata nani alimkanyaga shuleni. Hakucheka.

Na jana amelitoa sanduku lake la vifaa, mwanangu. Lote, na kile kipimo cha umeme anachokifuta kwa kitambaa. Amempa jirani anayetengeneza redio, bure. Wewe unamjua kaka yangu, hajawahi kumwazima binadamu hata bisibisi. Nilipomuuliza akasema mtu asiyeijua kazi yake mwenyewe vifaa vya nini.

Mimi mambo ya kiini na kadi siyajui, kadi ninayoijua ni ya harusi. Lakini wewe nakujua. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa huji kusema nimevunja. Ulikuwa unakuja taratibu, unaniegemea, unauliza: eti mama, vikombe vinatengenezwaje? Barua yako ya pili amenisomea kwa sauti, akafika pale ulipomuuliza swali la kujifunza tu. Yeye alipita. Mimi nilisikia kikombe.

Sijui ulichokifanya. Wewe unajua.

Mama yako


Chumba cha kompyuta
Jumatatu, tarehe 16 Machi

Mjomba,

Namba si 4.9. Ni 4.19.

Niliacha ile moja ya katikati. Kwa makusudi, kalamu iko mkononi, akili zangu timamu. Hujasahau kitu mjomba. Kichwa chako kizima. Nimekudanganya.

Barua ya mama niliipata Ijumaa na gari haliondoki mpaka kesho, nimekaa nayo siku tatu, siwezi kula. Nikiandika nafuta. Leo nimepiga moyo konde, nitaandika yote na sitasoma tena.

Jumapili ile sikufuta vumbi. Nilipandisha kiini. Mfumo ulikuwa kila siku ukiwaka unaniandikia kwamba kiini ni cha zamani, kina tundu la kupitia wezi wa mtandaoni, kipandishwe. Karatasi yako naiona juu ya boksi, nimekaa nayo uso kwa uso mwaka mzima. Nilipaswa kukuandikia, hata kabla ya hapo sheria ya hospitali inataka nimuombe mganga mkuu ruhusa kwa maandishi. Sikumuandikia yeyote. Nilitaka nifanye jambo moja peke yangu, mjomba. Hapa mimi ni mpwa wa fundi. Kitu kikitengemaa wanasema fundi alimfundisha, kikiharibika wanasema angekuwepo fundi. Nikasema nikipandisha kiini kikakaa vizuri, nitakuandikia kwa kujidai kabisa, ukaguna na kucheka. Diski ilikuwa imejaa, nikakifuta kile cha zamani nipate nafasi. Kwa hiyo hata njia ya kurudi nimeivunja mwenyewe.

Ikawaka nyekundu. Asubuhi yake mganga mkuu akasema aliyelipua kazi ni wewe, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoharibu, siyo kwenye kiini. Nilipoketi kukuandikia nikajiambia nikiacha namba moja tu utaniokoa bila kujua, utasema sugua hapa, badilisha pale, itaamka, na hakuna atakayejua. Sikufikiria kwamba nikikupa namba ya uongo utaanza kujitilia shaka wewe.

Na kuna mstari sikuunakili kabisa kwa sababu zamani haukuwepo. Baada ya eth0 kiini kinataja pia eth1. Nilijua ukiuona tu utanishika.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nisamehe kama inawezekana, na kama haiwezekani niambie vile vile. Sanduku lako ulifuate mjomba, tafadhali.

Mpwa wako


Kwa dada yangu
Alhamisi, tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Nitaandika ya kompyuta tu, mengine siyawezi leo.

Ina kadi mbili za mtandao. Ya kwanza imeungwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta wenyewe. Radi iliipiga miaka mitatu iliyopita ikafa, nikaziba tundu lake kwa utepe mweusi, utauona upande wa kushoto. Nikaweka ya pili, hiyo yenye taa ya kijani. Kiini cha 4.9 hakikuiona kabisa ile iliyokufa, kwa hiyo nzima ikawa ya kwanza kuhesabiwa, ikaitwa eth0. Kiini cha 4.19 kina macho makali zaidi. Kimeiona iliyokufa na kuihesabu kwanza. Sasa eth0 ni ile mfu, nzima imesukumwa ikawa eth1. Faili langu linaita eth0 na kuisubiri maiti iitike. Mashahidi wote wawili walikuwa wanasema kweli. Na lile neno uliloniuliza lilikuwa rudisha, yaani rudi kwenye kiini cha zamani, lakini umeshakifuta.

Usiende kwenye faili ukabadilisha kuwa eth1 ukafurahi. Siku nyingine hesabu itageuka tena. Zima, chomoa ile kadi nzima, ya taa ya kijani, usome namba iliyochapwa kwenye lebo yake, tarakimu na herufi kumi na mbili. Imezaliwa nayo kiwandani na haibadiliki hata kiini kikibadilika mara mia. Andika faili dogo la sheria ya majina: kadi yenye namba hii iitwe maabara. Kisha kwenye faili la kuamsha ondoa eth0, weka maabara. Washa upya mara tatu, siyo mara moja.

Mjomba wako


Chumba cha kompyuta
Jumanne, tarehe 24 Machi

Shikamoo mjomba,

Inaamka.

Nilifanya Jumamosi asubuhi, maabara wakiwa wamepumzika. Utepe mweusi niliuona, nimekuwa nikipangusa vumbi juu yake mwaka mzima na sijawahi kujiuliza unaziba nini. Namba ya kwenye lebo niliinakili, nikaisoma kwa sauti, nikainakili tena kwenye karatasi nyingine, nikalinganisha. Nikaandika sheria ya majina. Nikabadilisha faili lako, na nimeacha maelezo yako pembeni, nimeongeza yangu chini na tarehe.

Mara ya kwanza nilipowasha sikuweza kutazama, nilitazama saa. Sekunde kumi na moja. Nikageuka, na kioo kinaomba jina na neno la siri kama kawaida, hakuna nyekundu. Nikawasha ya pili, nikawasha ya tatu. Nikaenda wodi ya wazazi kwa mbio, nikamkuta muuguzi wa zamu anasoma kwenye kioo jibu la damu la Ijumaa, ananitazama, ananiuliza unalia nini.

Halafu nikaenda kwa mganga mkuu. Ningeweza kumwambia imeamka tu, basi. Alikuwa na furaha, ameshika kikombe, anasema enhe, kumbe unaweza. Nikamwambia yote. Kwamba nilipandisha kiini bila ruhusa, kwamba aliposema fundi alilipua kazi nilijua si kweli nikanyamaza. Akaweka kikombe chini.  Nikamwomba jambo moja, yale maneno aliyoyasema kikaoni yafutwe kikaoni. Akaniambia maneno niliyasema mimi, lakini aliyenilisha ni wewe, kwa hiyo utayafuta wewe.

Jana asubuhi nikasimama mbele ya watu wote.  Nikasema: kompyuta ya maabara haikuharibika, niliiharibu mimi kwa kuipandisha kiini bila kufuata utaratibu. Aliyeiunda aliiunda vizuri, akaandika juu yake onyo kwa herufi kubwa, nikalipuuza. Na aliyeitengeneza ni yeye, kutoka kitandani, kwa barua, jicho likiwa na mshono. Nikamalizia kwamba sasa inaamka kwa sekunde kumi na moja. Kisha mama wa maabara akauliza, "Hizo sekunde kumi na moja, zamani zilikuwa ngapi?" Nikasema kumi na tisa. Mganga mkuu akasema mtambo unabaki, watu wa kuuza waambiwe wasirudi.

Mimi nimepewa barua ya onyo, imeingia kwenye faili langu. Ufunguo wa chumba nimenyang'anywa kwa miezi mitatu, nikitaka kuingia naenda na mtu wa maabara, ananisubiri mlangoni kama askari jela. Ni haki yangu. Sijui kama utaniandikia tena, mjomba. Wiki hii Konokono akirudi mikono mitupu nitaelewa.

Mpwa wako


Kwa dada yangu, kwenye kiti cha dirishani
Alhamisi, tarehe 26 Machi

Marahaba.

Nimekasirika, na nataka ujue kwamba bado nimekasirika ninapoandika haya. Kupandisha kiini ni utundu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako nilizima simu za ofisi nzima siku mbili kwa sababu nilitaka kuona ndani kuna nini. Hilo ningeguna nikacheka, ulisema kweli. Lakini wiki nzima, mpwa wangu, niliamini kichwa kinaniacha. Nilikuwa naamka asubuhi najiuliza jina la dada yangu kabla hajaingia chumbani, nione kama bado ninalo. Hiyo sitakuficha kwa sababu hukunificha lako. Iliniumiza kuliko jicho.

Nilikaa nayo siku sita bila kumsemesha mtu. Mama yako alisema ninanuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Ya saba, barua yako ilipokuja, nikafika pale uliposimama kikaoni. Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nimetembea nayo mpaka kwa jirani kulifuata sanduku langu. Alikuwa ameshalipaka rangi ya bluu, mjinga yule.

Sasa langu, maana siwezi kukukaripia nikajiosha mikono. Ile kadi iliyopigwa na radi sikuiandika popote. Wewe nilikuwa nakusumbua kila kitu kiandikwe kwenye daftari, mimi nikaziba kwa utepe nikasema nitakumbuka. Ningeandika mstari mmoja, ungeusoma kabla ya Jumapili ile, au hata baada yake ungejua pa kutazama bila kuniandikia uongo. Mwambie mganga mkuu hilo nalo. Mpe barua hii aisome mwenyewe kama anataka, onyo lako likae kwenye faili na langu likae pembeni yake.

Na kuna jambo linanikosesha raha tangu Alhamisi iliyopita, hata nikiwa na hasira lilikuwa linanikuna. Kiini kipya kimeionaje ile kadi? Maiti haionekani. Ingekuwa imekufa kabisa, hata macho makali yasingeikuta, ingekuwa kipande cha ubao tu. Kimeiona, kimeipa jina, kimeiita, kimesema haina waya. Haina waya! Hakikusema imeharibika. Ni kweli haina waya, tundu nimeliziba mimi. Mpwa wangu, huenda nimemzika mtu mzima miaka mitatu.

Muombe mganga mkuu ruhusa, kwa maandishi, na usiguse mpaka aijibu kwa maandishi. Akikubali, ingia na huyo askari jela wako. Bandua utepe. Chomeka waya wa akiba kwenye tundu lile kwa dakika moja, tazama kama taa yake inashtuka, hata kama ni kidogo, hata kama inazimika tena. Halafu tazama kiini kinaandika nini. Mimi kioo siruhusiwi kwa siku nyingine kumi na tano, sina jicho huko isipokuwa lako.

Ninakilie mstari wote, herufi zote na namba zote. Utakavyouandika ndivyo nitakavyouamini.

Mjomba wako